40 Days and 40 Nights: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namna ilivyopokelewa

Kila Kwaresima ikikaribia, jina la filamu hii, kichekesho cha mapenzi cha Marekani cha mwaka 2002, huibuka tena. Wapo walioiona zamani kwenye mkanda wa video wakacheka mpaka machozi, na wapo wanaoiona leo kwa mara ya kwanza wakabaki wanajiuliza kilichokuwa kinachekesha ni nini. Pande zote mbili zina hoja, na ukurasa huu umekusanya maswali yao. Tahadhari: majibu yanaeleza filamu nzima pamoja na mwisho wake, na mwisho huo una tukio la ukatili wa kingono.

Filamu yenyewe inahusu nini?

Matt Sullivan ni kijana wa San Francisco anayetengeneza tovuti katika kampuni ya intaneti. Mpenzi wake Nicole amemwacha, na jeraha halijapona. Anajaribu kulisahau kwa kulala na huyu leo na yule kesho, lakini kila akiwa kitandani anaona dari inapasuka juu yake na shimo jeusi linafunguka. Kaka yake John anasomea upadri, na mazungumzo yao ndiyo yanayompa wazo: Kwaresima imeingia, basi ataacha mambo hayo yote kwa siku 40. Si ngono peke yake. Hakuna busu, hakuna kupapasana, hakuna hata kujichua.

Wenzake kazini wanagundua. Badala ya kumwacha atimize nadhiri yake, wanaifanyia kamari: kila mtu anachagua siku anayodhani Matt ataanguka, na mchezo mzima unawekwa mtandaoni. Wakati huohuo Matt anakutana na Erica mahali pa kufulia nguo kwa mashine za kulipia, na kwa mara ya kwanza tangu aachwe anampenda mtu kwa dhati. Hawezi kumgusa, na mwanzoni hamwambii kwa nini.

Nani waliitengeneza?

Aliyeiongoza ni Michael Lehmann, ambaye umaarufu wake ulitokana na Heathers, kichekesho cheusi cha wanafunzi wa sekondari kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwandishi ni Rob Perez. Josh Hartnett ni Matt, Shannyn Sossamon ni Erica, Vinessa Shaw ni Nicole, na Paulo Costanzo ni Ryan, rafiki anayeishi na Matt. Griffin Dunne ni bosi wa ofisi. Ukiangalia vizuri utamwona Maggie Gyllenhaal kama rafiki anayeishi na Erica, katika mwaka uleule aliovuma kwa filamu ya Secretary.

Wahakiki walisemaje ilipotoka?

Waligawanyika, na mizani ikaelemea upande wa kutoridhika. Roger Ebert wa Chicago Sun-Times, mhakiki aliyesomwa kuliko karibu wote Marekani wakati huo, aliipa nyota 3 kati ya 4. Hayo si maksi ya huruma. Ni ya filamu anayoipendekeza. Wengine wengi hawakumfuata.

Watu huchanganya takwimu mbili zinazotajwa sana, kwa hiyo tuzitenganishe. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tathmini za wahakiki, filamu hii iko kwenye asilimia 39. Hiyo si alama ya mtihani. Maana yake ni kwamba katika kila wahakiki kumi, takriban wanne waliipendekeza na sita hawakuipendekeza. Mtu aliyesema "si mbaya lakini sikuipenda sana" na mtu aliyeichukia kabisa wote huhesabiwa kwenye kapu moja. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hufanya kazi tofauti: huzipa tathmini alama kisha hutafuta wastani, na hapo filamu hii ilipata 53 kwa 100. Ukizisoma takwimu hizi kwa pamoja unapata picha halisi. Wahakiki hawakuikasirikia, wengi waliiona ni ya wastani, yenye wazo zuri lililokosa utekelezaji.

Maoni yaliyojirudia yalikuwa haya. Wazo la msingi lina nguvu, kwa sababu filamu nyingi za mapenzi huwa na wapenzi wanaozuiwa na mtu wa tatu, ilhali hapa anayejizuia ni mhusika mwenyewe. Hartnett na Sossamon wanapendeza wakiwa pamoja. Lakini ofisi nzima imejaa watu wasio na lolote zaidi ya mzaha wa chini ya kiuno, na mzaha huo unarudiwa mpaka unachosha. Nakubaliana nao karibu kila kitu. Tatizo langu ni kile ambacho mjadala mkubwa wa mwaka ule haukukipa uzito uliostahili, na nitakifikia.

Je, ilipata pesa?

Ndiyo. Ilitengenezwa kwa bajeti ya takriban dola milioni 17. Ilifunguliwa Marekani tarehe 1 Machi 2002 na wikendi ya kwanza ikaingiza dola milioni 12.2, ikishika nafasi ya pili nyuma ya We Were Soldiers, filamu ya vita ya Mel Gibson. Kwa jumla ilikusanya kama dola milioni 37.9 Marekani na Kanada, na takriban milioni 95 dunia nzima.

Usichukue milioni 95 ukatoa 17 ukasema iliyobaki ni faida. Majumba ya sinema hubakiza sehemu kubwa ya kila tiketi, na fedha za matangazo hazimo kwenye hiyo 17. Hata hivyo, kwa filamu ya ukubwa ule ni mapato mazuri.

Kinachonivutia zaidi ni mgawanyo. Karibu asilimia 60 ya mapato yalitoka nje ya Marekani Kaskazini. Vichekesho kwa kawaida husafiri kwa shida, kwa maana utani wa watu hauhamishiki kirahisi, lakini hiki kilisafiri. Nadhani sababu ni kwamba kisa chake hakihitaji maelezo: mtu kajiwekea mfungo, na dunia nzima inamtega. Hartnett naye alikuwa na uso uliojulikana kila mahali, maana mwaka 2001 alikuwa ametoka kuonekana kwenye Pearl Harbor na Black Hawk Down.

Watazamaji waliopenda, walipenda nini hasa?

Kwanza, walimpenda Hartnett kwa kuwa hakuonekana mjanja. Watazamaji walikuwa wamemzoea akiwa na sare za jeshi, na hapa anatoka jasho, anatetemeka, anakimbia vyombo vya kunakilia karatasi kwa sababu mfanyakazi mwenzake amevigeuza mtego. Mwanamume mzuri wa sura kufanywa ndiye anayewindwa, si mwindaji, kulikuwa na ladha mpya.

Pili, kuna tukio la ua. Hata wasioipenda filamu hulikumbuka. Erica amelala kitandani, Matt ameshika ua la okidi. Nadhiri inamkataza kumgusa kwa mkono, basi anamgusa kwa ua. Analipitisha polepole juu ya ngozi, anapuliza petali zitambae zenyewe, na kamera haina haraka. Hakuna muziki wa kutuelekeza tucheke, hakuna mtu anayechungulia dirishani. Kwa dakika chache filamu inaacha kelele zake zote na kuonyesha jambo ambalo ilikuwa inalisema tangu mwanzo bila kulithibitisha: kwamba mtu akijinyima njia ya mkato, analazimika kumwangalia mwenzake. Erica anaangaliwa kwa makini kuliko mwanamke mwingine yeyote kwenye filamu hii. Kama kazi nzima ingekuwa na utulivu ule, tungekuwa tunaizungumzia kwa namna nyingine kabisa.

Tatu, mazungumzo ya wawili hao yana ukweli wa kawaida. Safari yao ya kwanza pamoja ni kupanda basi na kuzunguka nalo mjini. Hakuna mkahawa wa mishumaa. Watu waliowahi kuchumbiana bila hela waliielewa papo hapo.

Basi lawama kubwa ni ipi?

Ni usiku wa mwisho. Matt amebakiza saa chache tu. Hajiamini, kwa hiyo anaomba afungwe pingu kitandani hadi muda uishe. Anasinzia na kumwota Erica. Nicole, mpenzi wake wa zamani, ameshajua kuhusu kamari na ameweka fedha zake. Anaingia chumbani, anamkuta amelala na amefungwa, anamwingilia. Matt anapozinduka jambo limeshafanyika. Erica anafika na kumkuta Nicole pale.

Huo ni ubakaji. Hakuna jina lingine. Mtu amelala, amefungwa, ametangaza mbele ya mji mzima kwamba hataki, na mwingine anamwingilia ili ashinde dau.

Filamu hailichukulii hivyo. Inalichukulia kama pigo la bahati mbaya, kikwazo cha mwisho kabla ya wapenzi kupatana. Nicole haulizwi chochote. Na kinachouma zaidi kwangu si tukio lenyewe, ni kinachofuata: Erica anamkasirikia Matt, na Matt ndiye anayekwenda kuomba radhi. Yeye. Anaomba msamaha kwa kutendewa. Kisha wanapatana, muziki unapanda, na tunatarajiwa kuondoka ukumbini tukitabasamu.

Fikiria filamu hii imejengwa juu ya nini. Kwa zaidi ya saa moja inatuambia kwamba "hapana" ya mtu huyu ina thamani, kwamba ni ushujaa, kwamba tumshangilie anapoilinda. Halafu inapofika mahali ambapo hapana hiyo inavunjwa kwa nguvu, inageuka na kuhesabu kwamba *yeye* ameshindwa. Haingewezekana kuandika mwisho unaoipinga filamu yake yenyewe zaidi ya huo. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema "ni tukio moja tu, liruke". Huwezi kuliruka, hitimisho lote limesimama juu yake.

Lakini Matt ni mwanamume. Je, si ni tofauti?

Swali hili huulizwa sana, mara nyingi na watu wasio na nia mbaya, kwa hiyo linastahili jibu kamili.

Hoja ya kawaida ni kwamba mwili wa mwanamume usingeweza kushiriki kama hakutaka. Si kweli. Mwili huitika wenyewe usingizini, kwenye hofu, kwenye mguso; kuitika kwa mwili si ridhaa, kwa mwanamume wala kwa mwanamke. Katika filamu hii jambo ni wazi zaidi kwa kuwa Matt yuko ndotoni na anayemwota si aliye naye.

Ugumu wa watu kuliona ulikuwa umejengwa hata ndani ya maandishi rasmi. Filamu ilipotoka mwaka 2002, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, bado ilikuwa inahesabu ubakaji kwa maana iliyowekwa mwaka 1927, ambayo ilimtaja mwanamke peke yake kama anayeweza kubakwa. Maana hiyo ilibadilishwa kwa tangazo la Januari 2012, ndipo wanaume nao wakaingia kwenye hesabu. Huku kwetu hali si moja. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006 inafafanua ubakaji kwa kuanza na "mtu", bila kujali jinsia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 130, inaeleza ubakaji kuwa ni kosa la mwanamume dhidi ya mwanamke, na vitendo vingine vya udhalilishaji vinaangukia vifungu vingine. Kwa hiyo mtazamaji wa Nairobi na wa Dodoma wanaweza kuangalia tukio moja huku sheria za nchi zao zikilipa majina mawili. Maumivu hayabadiliki kwa kuvuka mpaka wa Namanga.

Kuna wanaume wengi ambao yamewakuta mambo ya namna hii na walipothubutu kusema wakachekwa, wakaambiwa walibahatika. Filamu inayofanya kicheko hicho kuwa sehemu ya burudani inawaongezea mzigo. Sisemi hili kwa ukali wa kutaka kuifungia. Nalisema kwa sababu wapo sebuleni pamoja nasi tunapoitazama.

Mbona watazamaji wa 2002 hawakupiga kelele?

Wapo waliokereka, lakini mazungumzo makuu yalikuwa mengine: inachekesha au haichekeshi, Hartnett anaweza vichekesho au hawezi, mzaha umezidi au haujazidi. Mwanamume kuviziwa kitandani kulikuwa ni kichekesho kilichozoeleka. Wedding Crashers ya 2005, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200 Marekani, ina tukio la mwanamume kufungwa kitandani na kushambuliwa, na ukumbi ulitarajiwa kucheka vilevile.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Watazamaji wapya waliipata filamu kwenye DVD na baadaye mtandaoni, wakiwa peke yao na bila kelele za ukumbi, na wakaandika walichokiona. Baada ya MeToo, vuguvugu la kupinga unyanyasaji wa kingono, kushika kasi Oktoba 2017, vichekesho vingi vya miaka ile vilitazamwa upya, na hiki ni miongoni mwa vinavyotajwa. Leo ukikuta mtu anaijadili, uwezekano mkubwa ni kwamba anaanza na mwisho wake. Kwa maoni yangu hilo si ukali wa kizazi kipya. Tukio lilikuwa hivyohivyo siku ya kwanza.

Wanawake wameonyeshwaje?

Vibaya, ukimtoa Erica. Karibu kila mwanamke ofisini yupo ili amjaribu Matt. Wawili kati yao wanaeleza sababu: mwanamume anayeweza kukataa anawanyang'anya wanawake nguvu pekee waliyo nayo. Hoja hiyo ingeweza kufungua mjadala mzito, lakini filamu inaitamka na kuiacha hapo hapo, kisha inarudi kwenye mitego. Erica ndiye pekee mwenye kazi, marafiki, hasira na mawazo yake. Kazi yake ni kutafuta tovuti za ngono ili zichujwe, jambo ambalo lingeweza kuwa na mchango mkubwa kwenye kisa kinachohusu kujizuia, lakini halikutumiwa ipasavyo.

Je, inaiheshimu Kwaresima?

Inaikopa zaidi ya kuiheshimu. Muda wa kutolewa kwake ulipangika vizuri: mwaka 2002 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 13 Februari na Pasaka tarehe 31 Machi, kwa hiyo filamu iliingia sinema Kwaresima ikiwa katikati.

Kuhusu hesabu ya siku, tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Arobaini hupatikana kwa kutohesabu Jumapili sita.

Kikwazo kikubwa kwa mtazamaji Mkatoliki ni cha mantiki. Kwaresima mtu huacha kilicho halali kwake, kama nyama, pombe au sukari, ili ajifunze kutawala nafsi na kuwakumbuka wasio nacho. Ngono nje ya ndoa kanisa lake Matt linaikataza mwaka mzima. Kwa hiyo anamtolea Mungu kama sadaka kitu ambacho tayari alitakiwa kukiacha. Kaka yake, mseminari, ndiye angeweza kumwambia hivyo kwa sentensi moja. Badala yake filamu inamfanya John naye kuwa dhaifu mbele ya mtawa, kama vile hakuna mtu duniani anayeweza kushika ahadi. Sala hazipo, sadaka hazipo, maskini hawapo. Kimebaki kujinyima peke yake.

Wasomaji Waislamu nao wataona tofauti. Katika Ramadhani wanandoa hujizuia mchana, na usiku wameruhusiwa waziwazi na Kurani katika sura ya Al-Baqara, aya ya 187. Mfungo una mpaka, na mpaka huo una hekima yake. Nadhiri ya Matt haina mwongozo wa mtu yeyote. Ameitunga mwenyewe usiku mmoja, na kila anayemzunguka anaiona ni mchezo.

Hata hivyo kuna kitu kimoja filamu imekipata sawasawa, na aliyewahi kufunga atakitambua. Siku za mwanzo ni nyepesi kwa sababu ya ari. Katikati ndiko kugumu. Karibu na mwisho mtu anaanza kuona anachokikosa kila anapogeuka. Hartnett anayacheza mageuzi hayo kwa mwili wake, kuanzia macho hadi mikono isiyojua iwekwe wapi.

Inalinganaje na The 40-Year-Old Virgin?

Ulinganisho huu hauepukiki, maana ilikuja miaka mitatu tu baadaye, Agosti 2005, ikiwa na mwanamume mwingine asiyelala na mtu, kundi jingine la marafiki wa kazini wanaoingilia mambo yake, na namba 40 tena kwenye jina. Iliongozwa na Judd Apatow na Steve Carell ndiye mhusika mkuu.

Wahakiki waliipokea kwa mikono miwili: asilimia 85 Rotten Tomatoes, 73 Metacritic. Taasisi ya Filamu ya Marekani, AFI, iliiweka kwenye orodha yake ya filamu 10 bora za mwaka ule. Fedha zinaeleza zaidi. Ilifungua na dola milioni 21.4 na ikamaliza na milioni 109 Marekani, yaani mara tano ya wikendi yake ya kwanza. Filamu ya Hartnett ilimaliza na mara tatu. Wikendi ya kwanza huuzwa na matangazo. Wiki zinazofuata huuzwa na watu wanaotoka ukumbini na kuwaambia jirani zao. Kwa hiyo waliomwona Carell walikwenda kuwaita wengine.

Kwa nini? Nayo imejaa mzaha mchafu, na baadhi yake, hasa utani mrefu kuhusu mashoga, umezeeka vibaya sana. Tofauti iko kwenye moyo wake. Andy wa Carell anachekwa na wenzake, lakini filamu yenyewe haimcheki. Anapokutana na Trish, aliyechezwa na Catherine Keener, wanakubaliana wao wenyewe kusubiri mpaka wakutane mara 20. Mwanamke ana sauti kwenye kusubiri huko. Na mwisho wake ni harusi ambayo yeye na Trish wote wameitaka. Hadhira iliambiwa mtu asiyefanya tendo ana utu kamili, ikaamini, ikafurahi. Matt hakupewa heshima hiyo mwishoni, na watazamaji, hata wasioweza kueleza kwa nini, walihisi kuna kitu hakikukaa sawa.

Je, kuna visa vingine vya mapenzi na vichekesho kuhusu kujizuia?

Vipo tangu kale. Lysistrata, tamthilia ya Mgiriki Aristophanes, ilichezwa Athene mwaka 411 kabla ya Kristo: wanawake wananyima waume zao unyumba mpaka vita viishe. Mwaka 2015 Spike Lee aliihamishia Chicago katika Chi-Raq, ikizungumzia mauaji ya bunduki. Watazamaji wa Kenya hawakuhitaji kuelezwa, kwa kuwa mwaka 2009 muungano wa mashirika ya wanawake, G10, ulitangaza mgomo wa unyumba wa wiki moja ili kuwashinikiza Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waache mvutano, na mama Ida Odinga akauunga mkono hadharani. Liberia nayo, mwaka 2003, wanawake wa amani wakiwa na Leymah Gbowee walitumia silaha hiyohiyo.

Tofauti na kisa cha Matt ni kubwa: katika hivyo vyote kujizuia kunafanywa na wengi, kwa ajili ya wengi.

Ilimfanyia nini Josh Hartnett?

Ilithibitisha kwamba anaweza kubeba filamu peke yake na watu wakanunua tiketi. Baada ya hapo alianza kujitenga na njia ya umaarufu mkubwa, akakataa nafasi kubwa na kuchagua kazi ndogo ndogo. Watazamaji wengi wa leo wamemfahamu upya kupitia Oppenheimer ya 2023, alipocheza kama mwanafizikia Ernest Lawrence, na Trap ya 2024.

Ninaweza kuitazama na familia, au na kikundi cha vijana parokiani?

Na familia, hapana. Marekani iliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Ina uchi, ina lugha nzito, na vicheko vingi vinategemea hali ya mwili wa Matt. Kukaa na mama mkwe kochi moja ukiangalia chakula cha jioni cha familia ya Sullivan, ambapo baba mzazi anaeleza mezani kwa furaha jinsi anavyoendelea na ndoa yake baada ya upasuaji wa nyonga, si jambo la kujitakia.

Kwa kikundi cha vijana wakubwa, waliozidi miaka 18, inaweza kutumika kwa mjadala iwapo kiongozi ameiona yote kabla na yuko tayari kusimama kwenye usiku wa mwisho. Usiwaonyeshe kisha mkafunga mkutano kwa sala na soda. Waulize Matt alifanya kosa gani hata akaombe radhi, na uwape wavulana nafasi ya kuzungumza kwanza. Uwe na namba ya simu ya mshauri nasaha au ya dawati la jinsia la polisi lililo karibu, kwa sababu katika ukumbi wa vijana 30 huenda yupo ambaye swali hilo kwake halihusu filamu.